Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi?

Wadau naenda kumuona binti yangu mwezi wa saba, ile ndege ya moja kwa moja inachukua muda gani? Miguu yangu huvimba nikikaa sana

> Ni kama kilomita 11,800 hivi mama, kwenda masaa 15 kurudi 14, sababu upepo wa huko juu unavuma kuelekea mashariki kwa hiyo wakati wa kurudi unaisukuma ndege

> Na saa zisikuchanganye, ukipaa saa sita usiku unatua kwao saa mbili asubuhi yake na simu yako bado inasema saa tisa mchana 😂

> Miguu sasa, omba siti ya pembeni hapo njiani, uwe unainuka unatembea mpaka nyuma kwa wahudumu. Mimi huvaa soksi za kubana na ndala

> Asanteni wanangu, ndala ziko kwa mkoba tayari