Oili inavuja palepale, sili ya nyuma ya krenki ni mpya. Gia boksi ishushwe tena?

Mwendo_Taratibu:
Habari zenu wakuu. Gari langu ni la petroli, silinda 4, lita 1.8, limeshapita kilomita 180,000. Fundi wa kwanza alibadilisha gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), pakakauka kwa muda, kisha oili ikarudi. Wa pili akasema ni sili ya nyuma ya krenki, yaani ile pete inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea upande wa gia boksi. Gia boksi ikashushwa, sili mpya ikaingia, na sasa doa liko palepale, usawa wa injini inapofungwa na gia boksi. Nikizunguka karibu ni matone mawili matatu, ila nikitoka safari ndefu kwa mwendo wa kasi asubuhi nakuta doa kubwa. Nikiwa kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua. Fundi anataka kushusha gia boksi kwa mara nyingine. Nimkubalie?

Spana_Kumi:
Kwanza hakikisha ni oili ya injini. Weka boksi jeupe chini usiku kucha. Kama gari ni otomatiki na tone lina wekundu, hiyo ni ya gia boksi, na habari inabadilika.

Mwendo_Taratibu:
Ni manyuo mkuu, na tone ni la kahawia iliyokolea, sawasawa na ninachokiona kwenye kijiti cha kupimia oili ya injini.

Fundi_Sili:
Ndugu yangu, usikubali bado. Kazi ya kushusha gia boksi ni kubwa mno kufanywa kwa kukisia.

Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Ndiyo maana uvujaji wa karibu kila sehemu ya injini huishia kudondokea pale unapopaona wewe. Doa la chini linakuambia oili imeishia wapi, halikuambii imetokea wapi. Unachotafuta ni sehemu yenye unyevu iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote.

Injini ikiwa imepoa, ioshe kwa dawa ya kuondoa grisi mpaka ione haya. Funika altaneta na soketi za umeme usizilowanishe. Ikikauka, endesha mwendo mfupi, simama, piga tochi, na tumia kioo kidogo kuona mgongo wa injini. Usipoona kitu, endesha tena kidogo. Ukisubiri wiki nzima kila kitu kitakuwa kimelowa na utakuwa umerudi ulikoanzia. Ipo pia rangi maalumu inayochanganywa na oili, ukimulika kwa tochi ya ultravioleti mkondo wake unang'aa tangu chanzo chake. Kwa uvujaji sugu mimi naipenda sana hiyo.

Harufu kwenye foleni inanifanya niangalie juu kabla ya chini. Mara nyingi ni oili inayodondokea manifoldi ya ekzosi (bomba la moto la kutolea moshi) kutoka kwenye tapeti kava. Kagua kona za nyuma za kava. Kwenye injini nyingi, pale kava la taimingi linapokutana na silinda hedi panahitaji tone la silikoni hata kama gasketi ni mpya. Na bolti za tapeti kava hazitaki nguvu, nyingi ziko karibu na Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukizikaza kwa hasira kava linapinda na oili inapita. Chomoa pia soketi ya swichi ya presha ya oili. Ukikuta oili ndani ya soketi, swichi imekufa.

Lakini kilichonishtua ni hilo la safari ndefu. Sehemu ya gesi ya mwako hupenya ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kazi ya valvu ya PCV ni kuirudisha kwenye njia ya hewa ichomwe. Valvu au bomba lake la mpira likiziba, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, na sili ndiyo mlango dhaifu. Utabadilisha sili mpaka uchoke. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, ni salama. Ikirushwa juu, kuna presha.

Mwendo_Taratibu:
Fundi, karatasi imerushwa! Nimechomoa valvu ya PCV, nikiitikisa hailii kabisa, yaani imekwama, na mpira wake una tope jeusi gumu. Baada ya kuosha nimeona pia kona ya nyuma ya tapeti kava inalowa. Swichi ni kavu. Sasa sili ya nyuma ndiyo imeshaharibika?

Fundi_Sili:
Si lazima. Weka valvu mpya na mpira mpya, usisafishe huo wa zamani, kwa ndani umeshaoza. Rudia kipimo cha karatasi. Kisha fungua tapeti kava, safisha nyuso zote mbili, weka silikoni kidogo kwenye kona. Osha tena uangalie. Kama mdomo wa sili haukupinduka wala kuchanika, mara nyingi presha ikitoka hutulia.

Spana_Kumi:
Niongeze moja. Kama karatasi bado inarushwa baada ya PCV mpya, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kununua kitu kingine, huenda ringi zimechoka. Na kama sili mpya bado inavuja, mwombe fundi apitishe ukucha kwenye krenki pale sili inapogusa. Ukikwama kwenye mfereji, sili ya kawaida haitashika pale, ifungwe kwa kina tofauti kidogo au ivalishwe bushi nyembamba.

Fundi_Sili:
Sahihi kabisa. Na wakati wote huo pima oili kila unapojaza mafuta, isizidi alama ya juu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapohapo.