Muonekano mpya wa taarifa ya habari saa mbili usiku: ni TV yangu au ni wao?

Mtu wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu, wazima humu?

Kuna kituo kimoja cha TV, jina naliacha maana sitaki kuitwa na mtu, ila mnaokiangalia mtakijua tu. Walikuwa wanatuhesabia siku kila baada ya tangazo, "muonekano mpya unakuja", haya umekuja. Jumatatu nimetulia na familia hapa Nkuhungu, Dodoma, tunasubiri habari, mara unapigwa mziki wa ajabu, ukuta mzima unawaka bluu na zambarau na unatembea, mtangazaji anatokea kule mbali amesimama hana meza, anakuja mbele huku anaongea, nikashika rimoti nikijua mtoto kaikalia chaneli imehama. Kumbe ndio habari yenyewe.

Sasa nimevumilia wiki nzima nisionekane mtu wa kulalamika ila kuna vitu vinanishinda. Chini kuna mistari miwili ya maandishi, mmoja umesimama mmoja unakimbia, kushoto nembo, kulia saa, juu ya saa kuna joto la Dar, Dodoma na Mwanza linapokezana, yani mtangazaji kabakiwa na nusu ya kioo. Halafu hiyo saa yenyewe mi naiona nusu, namba za mwisho zimeliwa na ukingo wa TV, na majina ya watu yanaanzia herufi ya tatu, juzi kuna mheshimiwa kaandikwa ZIRI WA MAJI hahaha. Na rangi, maandishi mekundu juu ya bluu, kwangu yanatoka yamevimba kama yamelowa maji.

Ila kinachoniuma zaidi ni mama mkwe. Yuko hapa kutoka Mpwapwa, hajasoma, taarifa ya habari alikuwa anaijua kwa ule mlio wa zamani, ukilia tu hata kama yuko jikoni anaacha anakuja kukaa. Sahizi habari zinafika katikati ndio anauliza "kwani leo hawasomi?"

TV yangu ni chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa nyuma, inchi 21 na king'amuzi cha antena cha kawaida. Je ni uzee wa TV au hata nyie wenye flati mnaona hivyo hivyo? Na kuna setingi yoyote ya kusaidia? Nawasilisha.

Kidume cha Ng'ong'ona

Pole mkuu ila muonekano uko poa sana, tatizo ni chogo. Mi naangalia kwenye simu, vipande wanavitupia YouTube, herufi kubwa nasoma hata nikiwa kwenye daladala ya chuoni UDOM jua linapiga kioo. Ule wa zamani ulikuwa umechoka bana, meza kubwa, maua ya plastiki, mtangazaji amekaa hajigusi mpaka michezo. Vijana hatukuwa tunaangalia kabisa, leo hosteli watu wanatumiana vipande vya habari kwenye magrupu. Uza hilo chogo vuta flati inchi 32, za mtumba zipo mjini.

Mtu wa Nkuhungu

Boom, hela ya mkopo wa chuo, limeingia nini dogo? Ada za wanangu utalipa wewe?

Fundi Jamatini

Mleta mada TV yako nzima, usiitupe wala usiiuze, nani atainunua kwanza.

Iko hivi. Chogo lako ni 4:3, yani karibu mraba, studio sahizi zinarusha 16:9 ile pana. King'amuzi chako kama kimesetiwa kujaza kioo cha 4:3 kinafanya kazi moja tu, kinakata pembeni, na hakikati kidogo, robo nzima ya upana inaondoka, nusu ya hiyo robo kushoto na nusu kulia. Juu ya hapo machogo yote yanaficha kingo za picha kidogo nyuma ya fremu, ndivyo yalivyotengenezwa toka kiwandani. Ndio maana waziri kapoteza WA yake.

Sasa usiseme ni uzee wa TV peke yake, maana hilo jambo watu wa studio wanalijua miaka nenda rudi, kuna mpaka ambao maandishi hayatakiwi kuuvuka kuelekea ukingoni. Wenzetu Uingereza kipindi wanahama kwenda picha pana walikuwa wanayabana maandishi katikati, ndani ya 14:9, umbo la kati ya hayo mawili, ili mwenye TV ya zamani asikose kitu. Hapa kwetu analojia imezimwa mwanzoni mwa 2013 tukaambiwa kila mtu anunue king'amuzi, tukanunua, lakini hakuna aliyesema ununue na TV mpya. Hivyo machogo yamebaki majumbani, na mimi nayatengeneza kila wiki, nenda Nzuguni, nenda Chang'ombe, nenda Bahi huko ukaone.

Setingi ipo. Ingia menyu ya king'amuzi, tafuta sehemu ya picha au TV, weka 4:3, halafu chagua ile inayoacha mistari myeusi juu na chini, vingine imeandikwa Letterbox. Utaona picha yote. Ila ujue inakuwa ndogo, urefu unabaki robo tatu, kwa hiyo hayo maandishi yao membamba yatazidi kuwa membamba. Uchague kukatwa au kupungua, hamna la tatu.

Rangi kuvimba ni ule waya wa AV, plagi ya njano. Humo mwanga na rangi vinapita pamoja kwenye waya mmoja na rangi inapewa nafasi finyu, kwa hiyo herufi nyembamba nyekundu kwenye bluu lazima ivuje, hakuna fundi atakayekutibia hiyo, asikudanganye mtu akala hela yako. Nyeupe kwenye bluu iliyokolea ingesomeka vizuri tu, ni mtu aliyekaa kwenye kompyuta Dar akapenda nyekundu.

Na wenye flati msicheke. Ule ukuta unaotembea muda wote angalieni vizuri uso wa mtangazaji, unaona vimraba vimraba kwenye mashavu akigeuka? Chaneli nyingi zinagawana njia moja ya hewani, kila mmoja ana kafungu kake ka data, ukuta ukicheza bila kupumzika unakula fungu lote, uso unabakiwa na makombo.

Kidume cha Ng'ong'ona

Kwenye simu sijaona vimraba fundi

Fundi Jamatini

Kwenye simu uso wenyewe una ukubwa wa kucha, utaviona wapi.

Shangazi wa Veyula

Mi nashukuru huu uzi umeanzishwa maana nilidhani niko peke yangu. Nyumbani nina mdogo wangu kiziwi, mtu mzima ana kazi yake ya ushonaji, habari ya saa mbili ndio kipindi pekee alichokuwa anakaa na sisi sebuleni tunaangalia wote. Mwanzo mkalimani wa lugha ya alama alikuwa anaonekana vizuri, kiuno kwenda juu, nyuma yake rangi moja. Kwenye huu muonekano mpya kisanduku chake unakifunika kwa vidole viwili, wamekisukumia kona ya chini kulia pale kwenye saa, na yale maandishi yanayokimbia yanampita kifuani. Akipeleka mkono pembeni vidole vinatoka nje ya kisanduku. Lugha ya alama ni vidole NA uso, ukikata kimoja umekata sentensi. Mdogo wangu kaangalia siku mbili akaniashiria "anaongea na ukuta" akaenda kulala.

Na wewe mdogo wangu wa Ng'ong'ona hivyo vipande vyenu vya simu, vile virefu vya wima, umewahi kumuona mkalimani humo? Wanakata katikati wanabaki na mtangazaji tu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inazitaka televisheni ziweke lugha ya alama au maandishi kwenye habari, sasa sijui waliochora huo muonekano waliisoma au waliona kisanduku kinaharibu urembo.

Kidume cha Ng'ong'ona

Hapo Shangazi umenishika, sijawahi kumuona kweli. Hiyo hata mi naipinga.

mlenda na uwele

Mi naangalia mpira tu kibanda umiza, habari ananisimulia kinyozi.

Mstaafu Kondoa

Marahaba kwa wote mliosahau kunisalimia.

Mnabishana rangi, mimi nimeshika la mama mkwe wa mleta mada, hilo ndilo kubwa na mmelipita haraka. Sisi tumekulia redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na zile ngoma kabla ya taarifa ya habari, ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu yule aliyekuwa anapiga ngoma nyingi peke yake kwa mpigo mmoja. Zikilia hizo kijiji kizima kinajua saa imefika, wenye redio wanaongeza sauti, wasio na redio wanasogea kwa jirani, watoto mnanyamazishwa kwa kofi. Hakuna aliyehitaji kusoma chochote. Tanzania Bara tumekaa bila televisheni mpaka 1994 zilipoanza za binafsi kama ITV, ya taifa ikaja baadaye kama TVT, Zanzibar peke yao ndio walitutangulia tangu miaka ya 70. Kwa hiyo mtu wa umri wa mama mkwe wako kaijua habari kwa sikio miaka thelathini kabla hajaijua kwa jicho.

Sasa kituo kinatupa mlio wake kinaweka huo unaofanana na wa tangazo la soda. Meza wabadilishe, nguo wabadilishe, hata huyo mtangazaji atembee mpaka Singida, lakini mlio ni wa watu, si wa mkurugenzi wa masoko. Mimi mwenyewe mke wangu akiwa anapika ananiuliza "hiyo ni habari au tangazo?" na mimi nimekaa mbele ya TV sijui nimjibu nini.

Mchora Grafiki Mtumba

Shikamoo mzee wa Kondoa. Wakuu salama.

Mi kabla sijahamia huku na wizara nimekaa chumba cha grafiki cha kituo fulani Dar (sio hicho mnachokisema, msianze), ngoja niwaambie hivi vitu vinavyopitishwa. Mnachora miezi, siku ya kuonyesha mnaingia ukumbini kuna skrini kubwa kama ukuta, waya wa HDMI unaoleta picha safi, taa zimepunguzwa, wakubwa wamekaa mbele. Kila kitu kinapendeza pale, hata nyekundu kwenye bluu. Mkubwa mmoja anasema ongeza saa, mwingine anasema hali ya hewa iko wapi, wa matangazo anasema mdhamini naye atakaa wapi, nyie mnaongeza tu, hakuna anayesema punguza. Mi nilishawahi kuomba tuweke chogo moja ndani ya chumba tuwe tunapimia, nikaambiwa tusirudi nyuma. Na mkalimani mara nyingi hayupo kabisa kwenye michoro ya mwanzo, anakuja kutafutiwa nafasi mwishoni baada ya kila mtu kuchukua kona yake, hilo Shangazi umelisema kweli tupu na wanaofanya hii kazi wanalijua.

Kuhusu mlio namuunga mkono mzee, na sio mambo ya kizamani. BBC ile chaneli yao ya habari mwaka 2008 waliibadilisha mpaka jina, ilikuwa News 24 ikawa BBC News, studio mpya, nyekundu kila mahali, lakini zile pip pip kwenye mziki wa David Lowe za toka 1999 hawakuzitupa, walizichanganya upya tu, hata ukiwa umegeuka unajua ni wao. Na ITV ya Uingereza, sio hii yetu, ile habari yao ya saa nne usiku iliyoanza 1967 imebeba kengele za Big Ben, wameipanga na kuipangua ratiba mara kibao ila wakitaja hicho kipindi lazima kengele. Hao ndio tunaowaiga ukuta na kutembea, mbona hilo hatuigi?

Ila na mimi niseme ukweli upande wa pili, dogo wa Ng'ong'ona hajakosea kote. Herufi za zamani kwenye simu zilikuwa hazisomeki kabisa, na watu wengi sana sahizi habari wanaikuta kwenye simu. Kubadilisha ilibidi. Wangeweza kutengeneza toleo la simu na la TV, mashine za grafiki za siku hizi zinatoa vyote viwili, ni kazi ya ziada tu kwa watu wachache waliopo zamu.

Mtu wa Nkuhungu

Wakuu nimefanya ya fundi. Waziri karudi kamili, saa yote naiona, joto la Mwanza nalo nimelijua sasa ingawa sina ndugu Mwanza. Maandishi yamekuwa madogo kweli, nasoma nikisogea. Ila mama mkwe kaona ile mistari myeusi juu na chini kauliza nani kafa.

Fundi Jamatini

Hahahaha mwambie hajafa mtu. Ukishuka mjini njoo na ule waya nikuangalizie plagi zake, nyingi zinashika kutu ndani unaongeza uvimbe bure. Sikuchaji.

Shangazi wa Veyula

Sasa jamani tunaandikia wapi? Mi niko tayari kuandika barua hata ya kurasa tatu.

Mchora Grafiki Mtumba

Usiandike kurasa tatu Shangazi, haitasomwa. Piga picha ya kioo kwa simu pale mkono wa mkalimani unapokatwa, piga kama nne hivi za siku tofauti, andika tarehe na saa ya kila moja, na mstari mmoja wa ile sheria. Ipeleke kwao kituoni, nakala Kamati ya Maudhui ya TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano. Barua ya machungu inazungushwa ofisini watu wanacheka, picha yenye tarehe inapanda juu.

Mstaafu Kondoa

Na mlio je, huo nitaupiga picha vipi?

Mchora Grafiki Mtumba

Mzee huo rekodi mke wako akiuliza kama ni tangazo.