Mkataba wa wakala Japani: usaini au usubiri JET?

Kisima: Wakuu, mwenye digrii akipata mkataba wa wakala wa kuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza shule za serikali Japani, asaini au asubiri JET, ule mpango wa serikali yao wa kuajiri walimu wasaidizi tangu 1987? Nasema asubiri. Mikataba mingi ya mawakala imeandikwa saa 29.5 kwa wiki, na ile nusu saa imepunguzwa makusudi. Ukifika 30, robo tatu ya saa za mwajiriwa kamili, lazima uingizwe shakai hoken, yaani bima ya afya na pensheni, na mwajiri alipe nusu ya mchango. Agosti shule zimefungwa, mawakala wengi wanakata mshahara. Juni ya mwaka wa pili inaingia kodi ya mkazi, inayopigwa kwa kipato cha mwaka uliopita.

Wa_Thika: Hiyo ya 29.5 imepitwa na wakati. Tangu Oktoba 2024 kampuni yenye waajiriwa zaidi ya 50 inamwandikisha hata wa saa 20. Soma kabla ya kutisha watu. Na ndugu zetu Watanzania wa shule za kata wasijisumbue: visa ya ualimu inataka miaka 12 ya kufundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili cha shule ya msingi kimewamaliza.

Mwana_Kigoma: Kiswahili kimemmaliza nani? Hesabu tunaijua: kidato cha kwanza hadi cha sita miaka 6, digrii 3, jumla 9. Ongeza uzamili wa miaka 2, bado 11. Lakini hiyo ni visa ya shule za serikali. Shule binafsi za maongezi, eikaiwa, zina visa nyingine, na huko kwa kufundisha lugha digrii inafuta sharti la uzoefu wa miaka 3. Usiwafungie watu mlango usio wako.

Wa_Thika: Nimetaja sheria, sijafunga mlango. Kwetu Kenya, kwa waliosoma mfumo wa 8-4-4: Kiingereza cha kufundishia, darasa la nne hadi la nane miaka 5, sekondari 4, chuo 4, ni 13. Hata hivyo neno lako halitoshi. Kusanya barua za shule zenye muhuri, zitaje miaka NA lugha ya kufundishia. Barua inayosema tu "alisoma hapa" haithibitishi kitu. Zitafute kabla ya kuomba, maana hati ya ustahiki, ile ya uhamiaji wa Japani ya kuombea visa, ikishatoka ina uhai wa miezi 3.

Kisima: Turudi kwenye mkataba jamani. Ukiona umeandikwa gyomu itaku, yaani shule imenunua huduma kwa wakala, mwalimu wa darasa haruhusiwi kukuelekeza moja kwa moja. Mko wawili mbele ya watoto, somo la shule ya msingi dakika 45, na akitaka ubadilishe zoezi apitie kwa wakala. Somo linafia hapo.

Mwana_Kigoma: Subiri, hilo la Kiswahili halijaisha. Mtoto wa Kijapani anasema "benchi", "keeki", "basu". Sisi tunasema benchi, keki, basi. Mswahili anajua ile irabu ya mwisho imetoka wapi: ulimi haukubali kuishia kwenye konsonanti. Tangu 2020 darasa la tano na la sita wana vipindi 70 vya Kiingereza kwa mwaka, na kazi kubwa ya msaidizi ni matamshi. Miaka 12 ya kukalia dawati haimpi mtu sikio hilo.

Wa_Thika: Irabu nakupa. Tatizo lao kubwa ni r na l.

Mwana_Kigoma: Hapo ndipo penyewe! Lugha nyingi za kwetu bara hazizitenganishi, na wazungumzaji wake wamezitenganisha kwa jasho darasani. L, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu. R ya Kiingereza, ncha inajikunja nyuma bila kugusa popote. Aliyezaliwa nazo hana habari ulimi wake uko wapi.

Kisima: Na pensheni ya watu hamjaigusa.