Nina siliaki, na sasa lehemu imepanda: nirekebishe nini kwenye mlo?

Mwanzisha uzi
Wanajukwaa, salaam. Tangu nilipogundulika kuwa na ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni, protini iliyomo katika nafaka za ngano, shayiri na rai, huujeruhi utumbo, nimeacha kabisa nafaka hizo. Kuharisha kumekoma, na uzito niliokuwa nimepoteza umerudi, tena umezidi kidogo. Hata hivyo, vipimo vya karibuni vinaonyesha kwamba lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) imepanda kuliko ilivyokuwa kabla sijaanza mlo huu. Baba yangu aliwahi kupata shambulio la moyo, kwa hiyo siwezi kulipuuza jambo hili. Chakula changu kikubwa ni mikate, biskuti na tambi za pakiti zisizo na gluteni. Je, mlo huu ndio unaoniharibia moyo?

Mtama Mwekundu
Pole, ndugu. Utumbo mwembamba uliojeruhiwa na siliaki haufyonzi mafuta ipasavyo, na kwa hiyo kipimo chako cha awali huenda kilikuwa chini kwa sababu ya ugonjwa, wala si kwa sababu ya afya njema. Sasa utumbo umepona na unafyonza kila unachoupa. Shaka yangu iko kwenye hizo pakiti. Gluteni ndiyo inayoushikanisha unga, na ikiondolewa, watengenezaji wengi huziba pengo lake kwa wanga uliosafishwa, mafuta na sukari, huku nyuzinyuzi zikipungua.

Msomaji Mtulivu
Nimesoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, ambao haukuona kwamba wanaokula gluteni kidogo hupata maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Kama ni hivyo, kwa nini asile mkate wa ngano isiyokobolewa mara moja moja?

Daftari la Lishe
Hapana, ndugu Msomaji. Utafiti huo ulifuatilia wahudumu wa afya wa Marekani wapatao 110,000, kuanzia mwaka 1986 hadi 2012, na wenye siliaki hawakujumuishwa. Onyo lake, kwamba kuepuka gluteni kunaweza kumkosesha mtu nafaka zisizokobolewa, lilielekezwa kwa wasio na ugonjwa huu. Mwenye siliaki akila ngano, hata kidogo, huamsha upya uvimbe wa utumbo.

Kinachomhusu zaidi mwenzetu ni uchambuzi wa takwimu za UK Biobank, hazina ya taarifa za afya ya watu wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulikuta kwamba wenye siliaki walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyozidi ya wengine kwa takriban asilimia 27, ingawa kwa wastani uzito, presha na lehemu zao zilikuwa chini. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu ya kutoridhika na presha nzuri peke yake.

Mtama Mwekundu
Naafiki. Ukisoma lebo, usiishie kwenye maneno "haina gluteni", kwa sababu hayo yanahusu usalama wa utumbo tu. Angalia nyuzinyuzi, chumvi na mafuta yanayoganda, hasa ya mawese na ya nazi, ambayo hupandisha lehemu mbaya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mtama, ulezi, mchele usiokobolewa, maharage na dengu havina gluteni kwa asili, ila hakikisha unga haukusagwa kwenye mashine ya ngano. Ongeza nyuzinyuzi taratibu, la sivyo tumbo litajaa gesi na utadhani siliaki imerudi.

Mwanzisha uzi
Ninashukuru sana. Na oti je? Niliambiwa niziache mwanzoni.

Daftari la Lishe
Beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi iliyomo kwenye oti, ikifika gramu 3 kwa siku, husaidia kushusha lehemu mbaya. Subiri hadi vipimo vya damu vya kingamwili za siliaki vitulie na daktari akuruhusu, kisha uchague zilizothibitishwa kuwa hazikuchanganyika na ngano. Wapo wachache ambao hata hizo huwadhuru. Mwombe pia akupime foleti (vitamini B9) na vitamini B12. Mweleze daktari huyo umri aliokuwa nao baba yako alipopata shambulio la moyo, maana kama hakuwa amefikisha miaka 55, hilo linaweza kubadilisha uamuzi wa kukuanzishia dawa ya kushusha lehemu.