Bushi ya nailoni imekula shafti ya mashua: kosa liko wapi?

Nahodha wa Tudor:
Assalaam aleikum, mafundi. Miezi minne iliyopita niliondoa bushi ya shaba (bomba fupi ambalo shafti huzunguka ndani yake) kwenye shafti ya propela, nikachongesha nyingine ya nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, kwa kuwa niliambiwa nyuzi hizo huzuia kuchakaa. Jana, mashua ilipopandishwa pwani, nimeikuta shafti ya chuma cha pua ina mistari inayonasa ukucha, na bushi imebana hata karatasi haipiti. Uso wake wa ndani, ambao ulikuwa laini kama kigae, sasa unakwaruza kidole kama msasa. Je, niliuziwa nailoni mbovu?

Mchongaji, Changamwe:
Waaleikum salaam, nahodha. Nailoni yako huenda ni nzima kabisa. Ila shafti na maji havikufikiriwa. Mwanzoni shafti hugusa plastiki tupu, lakini plastiki ikilika, ncha za nyuzi hutokeza na kubeba mzigo. Kioo ni kigumu kuliko chuma cha pua cha kawaida, kwa hiyo kinacholiwa ni shafti, na vipande vya nyuzi vinavyokatika hubaki katikati vikisaga pande zote mbili. Kubana nako kumetokana na maji: nailoni ya aina iitwayo 6, isiyo na nyuzi, huweza kunywa maji hadi takriban asilimia 9 ya uzito wake, nyuzi hupunguza kiasi hicho bila kukiondoa, na bushi iliyoshikwa na kasha kwa nje huvimbia ndani.

Msomaji wa Kisauni:
Naomba kuuliza, maalim. Kiwandani tulikuwa na bushi za aina hiyo hiyo zilizodumu miaka. Mbona hazikula shafti?

Mchongaji, Changamwe:
Nadhani zilifanya kazi pakavu, tena juu ya shafti iliyotiwa ugumu. Pakavu, plastiki hujipaka juu ya chuma ikawa utando mwembamba, na baada ya hapo ni plastiki inayoteleza juu ya plastiki. Majini utando huo haushiki vizuri. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hakuna nyenzo yenye msuguano wake peke yake: msuguano ni wa vitu viwili vinavyogusana, pamoja na kilicho baina yao, na katika hori ya Tudor kilicho baina yao ni maji ya chumvi yenye mchanga na tope la mikoko.

Mimi ningechagua kitambaa cha pamba kilichogandishwa kwa resini ya finoli (aina ya plastiki ngumu), ambacho kimetumika kwa miaka mingi katika bushi za meli zinazolainishwa na maji, kikachongwa mifereji ya urefu ili mchanga upate njia ya kutoka. Nyuzi za kaboni hazikwaruzi chuma kama kioo, lakini kaboni hupitisha umeme, na ndani ya maji ya chumvi huchochea kutu kwenye chuma kinachoigusa.

Usitie bushi yoyote mpya kabla shafti haijachongwa upya, kwa sababu mistari hiyo unayoihisi kwa ukucha itaikata tangu siku ya kwanza.

Nahodha wa Tudor:
Shukrani sana, maalim. Shafti naitoa leo.