Punguzo la kutodai: ununue kinga, ulipe fundi mwenyewe, au upandishe eksesi?

Tairi_la_Akiba
Wakuu, nazungumzia bima kubwa ya gari binafsi ambayo punguzo lake la kutodai, yaani asilimia unayopunguziwa ada kwa kupitisha miaka bila kudai, limeshafika ngazi ya juu. Njia za kulilinda naziona tatu:

(a) kununua kinga ya punguzo, yaani ada ya ziada kila unapohuisha bima;
(b) kutoinunua, na mikwaruzo midogo kumlipa fundi kutoka mfukoni;
(c) kupandisha eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa, ili ada ishuke.

Ipi inalipa? Naomba hesabu, "inategemea" nimeshaisikia sana.

Karani_wa_Madai
Inategemea, mkuu, ila kitu chenyewe ni kimoja na kimeandikwa: jedwali la ngazi za punguzo kwenye mkataba wako. Kuna mikataba ambayo dai moja linakurudisha sifuri, na mingine linakushusha ngazi kadhaa tu.

Tuseme ada ya msingi ni 1,000 na ngazi ni 20, 30, 40 na 50%. Aliye juu analipa 500. Akidai mara moja:

Mkataba wa kushuka hadi 20%: atalipa 800, 700, 600, ndipo arudi 500. Ziada ni 300 + 200 + 100, jumla 600.

Mkataba wa kurudi sifuri: 1,000, 800, 700, 600, kisha 500. Ziada ni 1,100.

Sasa jumlisha eksesi. Ikiwa ni 200, basi kwenye mkataba wa kwanza uharibifu usiofika 800 ni wa kumlipa fundi mwenyewe. Kwenye wa pili mpaka huo ni 1,300. Wengi hulinganisha gharama ya fundi na eksesi peke yake, wakaona wamepata faida, halafu ada ya mwaka unaofuata inawashangaza.

Soma_Vifungu
Hesabu safi. Niongeze upande wa kinga. Kinachouzwa pale ni ulinzi wa asilimia, ada yenyewe hailindwi. Baada ya dai kampuni inaweza kupandisha ada ya msingi kutoka 1,000 hadi 1,200, na asilimia yako 50 ikabaki palepale: unalipa 600. Hujadanganywa, mkataba ndivyo unavyosema. Asiye na kinga, aliyeshushwa hadi 20%, analipa 960 hapohapo.

Bei yake ipime hivi. Kinga ikiwa 50 kwa mwaka, na hasara inayozuiwa ni 600, basi miaka 12 ya kulipia kinga ndiyo inalingana na dai moja. Kwa mkataba wa kurudi sifuri ni miaka 22. Kwa hiyo kwenye mkataba wa sifuri ningeinunua bila kusitasita. Kwenye ule wa kushuka taratibu, sivyo.

Kabla ya kulipa uliza: inaruhusu madai mangapi, ndani ya miaka mingapi? Dai moja likizidi hapo, nini kinatokea? Na jua kwamba ukihama kampuni, barua ya uthibitisho hubeba miaka yako ya kutodai, lakini kampuni mpya hailazimiki kukupa kinga, na itauliza historia ya madai yote.

Bampa_na_Rangi
Kwa njia ya (b), makadirio yaliyotolewa bampa likiwa bado limefungwa ni ya kubahatisha. Plastiki hurudi umbo lake baada ya kugongwa, uso ukaonekana mzima, kumbe nyuma chuma cha bampa kimepinda, vishikizo vya taa vimekatika, na sensa ya maegesho imehama pembe. Mkwaruzo wa rangi unageuka kazi ya vipuri vinne.

Utaratibu: piga picha za pande zote, bampa lifunguliwe, kisha fundi aandike vipuri, kazi na rangi kila kimoja kwa bei yake. Jumla hiyo ndiyo unailinganisha na mpaka aliousema Karani. Yote yafanyike kabla muda wa kutoa taarifa kwenye mkataba haujapita, ili mlango wa kudai ubaki wazi.

Kioo cha mbele kitazame peke yake. Mikataba mingi ina kifungu chake, na dai la kioo mara nyingi haligusi punguzo. Kidoa cha jiwe kizibwe mapema, kabla ufa haujatembea. Kioo kikibadilishwa kwenye gari lenye kamera nyuma ya kioo hicho, kamera inahitaji kupimwa upya. Hakikisha kifungu kinalipia na hilo.

Karani_wa_Madai
Hapo kwenye taarifa pakaziwe. Kulipa mfukoni si ruhusa ya kunyamaza. Mikataba mingi inataka ajali yoyote iripotiwe hata kama hudai. Andika wazi kwamba ni "kwa taarifa tu, sidai", na utunze nakala. Taarifa inaweza kuathiri ada, ndiyo, lakini ukificha na yule mliyegongana naye akaleta dai wiki tatu baadaye, kampuni ina sababu ya kukukatalia.

Na kama kuna mtu aliyeumia, hata anayesema ni shingo tu, (b) haipo. Usimalizane kwa mkono, wala usiandike popote kwamba kosa ni lako.

Tairi_la_Akiba
Na gari likigongwa likiwa limeegeshwa? Hapo si kosa la mwenye gari.

Soma_Vifungu
Punguzo ni la kutodai, si la kutokosea. Kampuni yako ikilipa na isirudishiwe fedha zote na upande wa mkosaji, kwa kawaida linahesabiwa dai lako. Ndiyo maana namba ya gari, kampuni na namba ya bima ya mkosaji, picha na mashahidi vina thamani kubwa: ukiweza, peleka dai moja kwa moja kwa bima yake, na eksesi yako haiguswi.

Faili likiwa bado wazi siku ya kuhuisha, punguzo linaweza kusimamishwa. Likifungwa kwa faida yako, omba likokotolewe upya na urudishiwe tofauti. Omba kwa maandishi, maana mara nyingi hakuna anayekukumbuka.

Hesabu_Baridi
(c) hailindi punguzo, inapunguza tu madai yenye maana ya kupelekwa. Eksesi ikitoka 200 hadi 400, mpaka wa Karani unapanda kutoka 800 hadi 1,000. Ada ikishuka kwa 50, miaka minne bila ajali ndiyo inafidia ile 200 ya ziada. Usipokuwa na fedha hiyo tayari, usiiguse.

Mimi huona (a) na (c) zinakwenda pamoja kwenye mkataba wa sifuri: madogo unalipa mwenyewe, kinga unaiachia ajali kubwa. Mwenye kinga anayeitumia kwa taa iliyovunjika anaimaliza bure.

Njia ya nne haikutajwa: baadhi ya kampuni hukubali uwarudishie walicholipa kabla ya kuhuisha, dai lifutwe kwenye hesabu ya punguzo. Dai likimalizika kwa kiasi kidogo kuliko ulivyotarajia, waulize kabla hujasaini ada mpya.