Nyumba ya Nyanya, Majengo

Jumapili

Mwanaisha, 7:12: Asalaam aleikum nduzangu. Mvua ya saa moja tu na yale mabati tuliyobadilishiwa mwezi wa tatu yavuja mahali sita, nimehesabu mwenyewe, maji yamepita darini mpaka chumba cha kati. Picha hizo. Godoro la nyanya nimelianika barazani

Mwanaisha, 7:15: Fundi nimempigia mara nne, alipokuja kushika asema "hiyo ni mvua ya upepo" akakata

Mwanaisha, 9:40: Jamani mwaona lakini hamjibu. Ni 68,000 ile

Juma, 9:58: Mie sikutoa pesa nilitoa misumari 😂

Swaleh, 9:59: Basi ndo inayovuja hiyo

Zuhura, 10:01: 😂😂😂

Mwanaisha, 10:03: Haya chekeni. Nyanya amelala kitini

Mwanaisha, 10:20: Nimemuuliza shoga yangu wa kwa wakili. Kuna sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 na katiba kifungu cha 46, ukilipia kazi lazima iwe ya kiwango kinachofaa na ukipata hasara una haki ya kulipwa, hata kama mlipatana kwa mdomo. Twamuandikia barua, siku saba arudi arekebishe kwa pesa yake ama aturudishie. Akinyamaza twaenda mahakama ya madai madogo hapa hapa Mombasa, madai hadi milioni 1, si lazima wakili, na sheria yataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa hivyo kila aliyetuma pesa anitumie meseji ya M-Pesa LEO. Na fundi mwengine asipande juu kabla sijapiga picha kila tundu

Bakari, 11:34: Mie nilimtumia Swaleh

Swaleh, 11:50: Nami nikampa fundi elfu 40 mkononi, iliyobaki nikamtumia

Mwanaisha, 11:51: Mkononi?? Na risiti ya mabati je? Tulipatana geji 28, haya yakunjika kwa kidole

Swaleh, 11:53: Risiti alibaki nayo yeye

Zuhura, 11:55: Kama ya tanki tu

Swaleh, 11:55: Zuhura tanki lisiletwe hapa

Zuhura, 11:56: Kwani nimesema nini

Swaleh, 11:58: Miaka minne mwanibebesha hilo tanki. Nani alolitoa Kongowea usiku na mkokoteni? Nani??

Juma, 12:02: Kwani ule mkokoteni uliishia wapi 😂

Mwanaisha, 12:02: JUMA

Ami Athumani, 1:55: 🎤 ujumbe wa sauti

Zuhura, 2:10: Kwa walio kazini, Ami asema nyumba ile marehemu aliijenga kwa mshahara wa bandarini, na babake huyo fundi ndiye aloiezeka makuti mwanzo. Haendi mtu mahakamani kabla yeye hajakaa na huyo kijana. Barua iandikwe, ataipeleka mwenyewe baada ya Alasiri kesho, na Swaleh afuatane naye

Mwanaisha, 2:41: Shikamoo Ami. Sawa. Naomba tu fundi atie sahihi na tarehe kwenye kopi yetu, bila hiyo kesho atasema hakuiona

Mwanaisha, 2:42: Swaleh, meseji ya M-Pesa

Swaleh, 4:30: Niliitumia kwa ile laini ya zamani, ntatafuta

Mwanaisha, 5:06: Wingu lafunga tena upande wa Tudor. Nani ana turubali

Mwanaisha, 5:48: Jamani turubali

Bi Rukia, 10:47: Nimeona saa hizi. Nyanya amekula?